Tovuti Isiyo na Mtaa

Mwezi uliopita, kwa dakika 22, meza yangu hapa Nyawera, mtaa wa Bukavu mashariki mwa Kongo, ilikuwa tovuti. Sikununua jina, sikukodi seva, sikumpigia simu mtu yeyote wa kampuni ya mtandao. Niliunganisha kompyuta na data ya simu, nikafungua programu iitwayo OnionShare, nikatia ndani yake faili la sauti la mega 640, nikabonyeza kitufe kimoja. Programu ikajizungusha kidogo, kisha ikanitolea anwani: herufi na tarakimu 56 zisizo na maana yoyote, na mwishoni .onion. Niliziandika kwenye daftari, kwa sababu rafiki yangu aliye Goma alikuwa ananisubiri kwenye simu, kalamu mkononi. Nikaanza kumsomea.

“Polepole, yaya, hii siyo namba ya kuongeza mega,” alinikatiza tulipofika herufi ya 15. (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, na mega ni data ya simu.)

Tulipomaliza, akaiandika upande wake kwenye kivinjari cha Tor, programu inayofungua anwani za aina hiyo, faili likaanza kushuka. Lilikuwa limefika asilimia 70 hivi umeme ulipokatika Nyawera nzima. Betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani. Tovuti ikafa pamoja na taa.

Kijana wa jirani, anayesoma mwaka wa kwanza chuoni na huja kwangu jioni kuchaji simu, alikuwa kimya pembeni muda wote huo. Sasa, gizani, akauliza kwa sauti ya mtu aliyejikuta kwa mganga bila kukusudia: “Kumbe hii ndiyo dark web?”

Ndiyo hiyo. Yeye alitazamia mafuvu, bunduki na watu waliofunika nyuso, maana ndivyo anavyoonyeshwa kwenye video za dakika moja. Alichokuta ni akina mama wa Walungu wakiimba nyimbo za harusi. Walikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba sauti zao zifike kwa mtu mmoja tu kule Goma, zisilale kwenye ghala la kampuni yoyote. Nikaona nimwandikie yeye, na wenzake wengi wanaoniuliza swali hilohilo, mambo haya yanavyofanya kazi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyopikwa chungu kimoja. Sehemu kubwa ya intaneti haionekani kwenye Google: matokeo yako ya mtihani yaliyo nyuma ya neno la siri, salio la akaunti yako ya benki, barua pepe zako, makabrasha ya ofisi. Hiyo haina giza lolote. Ni milango iliyofungwa, kama milango ya nyumba za Ibanda saa nne usiku. Ile picha ya mlima wa barafu inayorushwa kila mara, yenye kipande kidogo juu ya maji na jitu la kutisha chini, inahesabu milango hiyo yote iliyofungwa kama ni ya wezi. Salio lako la benki limo humo chini pamoja na jitu.

Kitu cha pili ni kidogo mno kikilinganishwa na hicho. Ni tovuti zinazokaa ndani ya netiweki maalumu ambazo kivinjari cha kawaida hakizifikii. Netiweki hizo ziko kadhaa. Freenet ilianza mwaka 2000 na siku hizi inaitwa Hyphanet. Ipo pia I2P. Lakini inayotumiwa na watu wengi kuliko zote ni Tor, na humo ndimo zinamokaa anwani za .onion. Neno hilo ni kitunguu kwa Kiingereza, na lilichaguliwa kwa sababu ya maganda.

Pikipiki tatu

Ukifungua tovuti ya kawaida kwa simu yako, pande mbili zinaonana. Tovuti inaona namba ya IP uliyotokea, yaani anwani yako kwenye mtandao, na kampuni inayokuuzia mega inaona unakokwenda. Hata kama maneno yenyewe yamefungwa, safari inajulikana: fulani, saa fulani, alikwenda mahali fulani.

Sasa chukua barua inayovuka mitaa ya Bukavu, kutoka Panzi kwenda kwa mwenye duka Kadutu. Badala ya kumpa mwendesha pikipiki mmoja, unaitia kwenye bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Ya nje inasema: mpe fulani pale Essence. Pikipiki ya kwanza inakujua wewe, inafika Essence, basi. Pale Essence wa pili anafungua bahasha ya nje, anakuta nyingine inayosema: peleka Nyawera. Huyo hakujui wewe wala hajui Kadutu. Nyawera wa tatu anafungua ya mwisho, anakuta jina la duka, anapeleka. Anajua duka, lakini akiulizwa barua imetoka wapi atasema imetoka Essence, na hatadanganya.

Tor hufanya hivyo kwa hesabu badala ya karatasi. Kompyuta yako inafunga ujumbe mara tatu kwa funguo tatu, na kila kituo kinabandua ganda lake tu. Vituo hivyo ni maelfu, vimetawanyika duniani, vinaendeshwa na watu wa kujitolea, vyuo na mashirika. Mtu akikamata kituo kimoja, amekamata ganda moja.

Udhaifu uko wapi? Mtu akisimama Panzi na mwenzake akasimama Kadutu, wote na saa mkononi, wanaweza kulinganisha: pikipiki imetoka saa mbili na dakika tano, barua imeingia dukani saa mbili na dakika 40, na jana ilikuwa hivyohivyo, na juzi pia. Waliotengeneza Tor walilisema hili wazi tangu maandishi yao ya mwaka 2004. Si nadharia tupu: mwaka 2024 waandishi wa kituo cha NDR cha Ujerumani waliripoti kwamba polisi wa nchi hiyo walitumia ulinganishaji wa saa kumfikia mshukiwa. Inahitaji subira na macho mengi, lakini inawezekana.

Kukutana Idjwi

Hadi hapo tumemficha mwandishi wa barua peke yake. Mwenye duka wa Kadutu bado anajulikana alipo. Askari akitaka kumfungia, anapanda tu hadi Kadutu. Tovuti zilizofichwa zinafanya jambo gumu zaidi: zinamficha na mwenye duka. Wanazungumza wawili, na hakuna anayejua mwenzake anaishi wapi. Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilidhani ni uongo. Halafu nikafikiria ziwa.

Mwenye tovuti yuko Bukavu, mteja yuko Goma. Katikati ya Ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi. Mwenye tovuti anaanza kwa kutafuta wapokeaji, kwa kawaida vituo vitatu vya Tor, na kuwafikia kwa njia yake ya kuzunguka, kwa hiyo hata wao hawajui anakaa wapi. Anawaambia: mtu akiniulizia, nileteeni habari. Kisha anabandika tangazo lenye saini yake kwenye vituo vingine vinavyofanya kazi ya ubao: anayenitaka awaone hao watatu.

Mteja wa Goma analisoma tangazo, lakini haendi Bukavu. Anachagua kituo kingine kabisa, chochote apendacho, nacho ndicho Idjwi yake. Anakifikia kwa kuzunguka, anaacha pale neno la siri la kutumika mara moja. Ndipo anamwendea mmoja wa wale wapokeaji: mwambie niko Idjwi, na neno ni hili. Mwenye tovuti akiridhia, anapanda mtumbwi wake, anazunguka kwa njia zake, anafika Idjwi na kutamka neno. Kisiwa kinaunganisha kamba mbili zenye neno moja. Hakijui huyu ametoka Labotte au Bagira, hakijui yule ametoka Birere au Ndosho, na mazungumzo yenyewe hakiyasikii kwa sababu yamefungwa kwa ufunguo walio nao wawili tu.

Kati ya wawili hao vinakuwa vituo sita. Ndiyo maana mega 640 zilikula dakika zote zile.

Angalia pia jambo moja lililo kimya ndani ya hadithi hiyo: hakuna aliyekuja Nyawera. Mimi ndiye niliyetoka. Data ya simu kwa kawaida haimruhusu mtu wa nje kukupigia hodi. Ukitaka tovuti ya kawaida lazima ukodi seva yenye namba ya wazi, ununue jina, uache kadi ya benki na kitambulisho mahali. Tovuti iliyofichwa haihitaji mlango wa kuingilia, kwa hiyo hata meza ya fundi wa Bukavu inaweza kuwa nayo. Mimi hili ndilo linalonivutia kuliko usiri wenyewe. Kijana wangu alilipita bila kulitazama, akitafuta mafuvu.

Anwani ambayo ni ufunguo

Kwa nini sasa herufi 56, badala ya jina zuri kama la tovuti za watu?

Kwa sababu haikutolewa na ofisi yoyote. Kompyuta yangu iliunda jozi ya funguo mbili kwa bahati nasibu: mmoja wa siri, mmoja wa wazi. Ule wa wazi ukaandikwa kwa herufi, ukaongezewa alama ya kukagua makosa na namba ya toleo, ukawa anwani. Anayefika kwenye anwani hiyo anaweza kuhakikisha mwenyewe kwamba anayejibu ndiye mwenye ufunguo wa siri unaolingana nayo. Hakuna msajili wa kupigiwa magoti, na hakuna msajili wa kutishwa ili alifute jina lako.

Ukitazama kwa karibu utaona mambo mawili ya kupendeza. Anwani hizi hutumia herufi a hadi z na tarakimu 2 hadi 7 tu. Hakuna sifuri ya kuchanganywa na o, hakuna moja ya kuchanganywa na l. Nilipomsomea rafiki yangu “o”, hakuhitaji kuniuliza ni herufi au namba. La pili: zote zinaishia na herufi d. Si uchawi, ni ile namba ya toleo, 3, inavyoangukia ikiandikwa kwa mtindo huo. Zile za toleo la zamani zilikuwa na herufi 16 tu, zikafungwa mwaka 2021 kwa sababu hesabu zake zilikuwa zimechakaa.

Tangu Oktoba 2015 sehemu hiyo ya .onion ina hadhi rasmi katika kanuni za intaneti: imewekwa pembeni, haiuzwi na yeyote wala haitafutwi kwenye vitabu vya kawaida vya majina. Mwenye kompyuta yenye nguvu anaweza kukoroga mabilioni ya funguo hadi apate inayoanza na neno analolipenda, ndiyo sababu anwani ya BBC inaanza na “bbcnews”. Inayobaki ni mchanganyiko tu. Na hapo wezi wameona njia: wanakoroga wao pia wapate anwani inayofanana mwanzoni, wanajenga tovuti pacha, wanasubiri mtu anayesoma herufi saba za kwanza na kuamini. Soma zote. Ndiyo, 56.

Walioanzisha walikuwa askari

Wazo la maganda halikuzaliwa kwa wauza bangi. Lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, kwa watu watatu: David Goldschlag, Michael Reed na Paul Syverson. Baadaye Syverson akaungana na Roger Dingledine na Nick Mathewson, wakaiandika Tor yenyewe. Shirika lisilo la faida linaloitunza, Tor Project, lilianzishwa mwaka 2006.

Watu huniuliza: jeshi linaachaje chombo kama hicho kwa raia wote, na msimbo wake wazi kwa kila mtu kuusoma? Jibu liko sokoni Kadutu. Kama askari kanzu peke yao ndio wangevaa kofia nyekundu, kila kofia nyekundu ingekuwa ni askari kanzu. Ili kofia imfiche, lazima ivaliwe na muuza samaki wa sambaza, na mwanafunzi, na mama wa vitenge. Netiweki ya kuficha watu inayotumiwa na kundi moja inalitaja kundi hilo kwa jina. Ilibidi watu wa kila aina waingie, wema na wabaya, na wakaingia kweli.

Wamo akina nani? Facebook ilifungua tovuti yake ya .onion mwishoni mwa Oktoba 2014, na kufikia Aprili 2016 ilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni moja walikuwa wanaifikia kupitia Tor kwa mwezi. Watu hucheka: Facebook inayojua jina lako na mama mkwe wako, ijifiche nini? Haijifichi. Inamsaidia mtu wa nchi iliyofungia Facebook aingie bila aliyefungia kuona, na yeye mwenyewe asionekane yuko mtaa gani. New York Times walifuata mwaka 2017, BBC mwaka 2019, na hata DW, wale tunaowasikiliza kwa Kiswahili, wana yao. CIA, majasusi wa Marekani, nao walifungua mwaka 2019, jambo ambalo mimi bado linanichekesha.

Kwangu matumizi mazito kuliko yote ni sanduku la barua la waandishi wa habari. Programu iitwayo SecureDrop, ambayo mbegu yake iliandikwa na mwanaprogramu Aaron Swartz akishirikiana na mwandishi wa habari Kevin Poulsen, ilianza kutumika kwenye jarida la The New Yorker mwezi Mei 2013. Mtoa habari anaingia kwenye anwani ya .onion ya chombo cha habari, hatoi jina wala barua pepe. Anapewa maneno saba yaliyookotwa kwa bahati nasibu, na maneno hayo ndiyo kitambulisho chake. Akirudi baada ya wiki anayaandika tena, anakuta jibu. Upande wa pili, mwandishi anafungua nyaraka kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuunganishwa na mtandao wowote.

Kwa Mkongomani hili si jambo la sinema. Mwezi Novemba 2021 ulianza kuchapishwa uchunguzi ulioitwa Congo Hold-up, uliotokana na nyaraka milioni 3.5 za benki zilizopatikana na Mediapart, gazeti la mtandaoni la Ufaransa, na PPLAAF, jukwaa la kuwalinda wafichuaji wa maovu barani Afrika lililoundwa mwaka 2017. Mwaka huohuo, mwezi Februari, ilijulikana kwamba wafanyakazi wawili wa zamani wa benki nyingine ya Kinshasa, waliotoa nyaraka nje, walikuwa wamehukumiwa kifo bila wao kuwepo mahakamani. Walikuwa wamekwisha kimbilia Ulaya. Mtu akikwambia asiye na kosa hana cha kuficha, mtajie hao wawili.

Na wauza sumu?

Wapo, sitawaficha. Silk Road ilifunguliwa mwaka 2011 kama soko la dawa za kulevya kwa malipo ya bitcoin, pesa ya mtandaoni. Mwendeshaji wake, Ross Ulbricht, alikamatwa ndani ya maktaba ya umma San Francisco mwezi Oktoba 2013, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2015, akasamehewa na Rais Trump Januari 2025. Zimekuja nyingine nyingi baada yake. Kuna tovuti za unyanyasaji wa watoto, ambazo sitazieleza. Kuna kurasa ambako wateka data za hospitali na kampuni huanika walichoiba ili walipwe.

Kinachonishangaza ni namna wanavyokamatwa. Ni mara chache maganda yenyewe yanavunjwa. Ulbricht aliwahi, mwaka uleule wa 2011, kuomba msaada hadharani akiacha barua pepe yenye jina lake halisi. Alexandre Cazes, wa soko la AlphaBay, alikamatwa Thailand Julai 2017. Barua za kukaribisha wateja wapya ziliwahi kubeba anwani yake binafsi ya Hotmail, iliyokuwa na kipande cha jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa. Tovuti moja ya unyanyasaji wa watoto iliyoendeshwa kutoka Korea Kusini ilikuwa imeandika namba ya seva yake wazi ndani ya msimbo wa ukurasa; polisi waliisoma tu. Watu 337 wakakamatwa katika nchi 38, wengi kwa kufuatwa bitcoin zao, maana kila bitcoin inayosogea inaandikwa kwenye daftari ambalo dunia nzima inaweza kulifungua. Wanaodhani bitcoin ni pesa ya siri hawajaliona daftari hilo.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Hansa. Polisi wa Uholanzi walilitwaa soko hilo kimyakimya tarehe 20 Juni 2017, lakini hawakulifunga. Wakaliendesha wao. Wakati huohuo AlphaBay ikafungwa, na wateja wake wakakimbilia Hansa kwa maelfu, mikononi mwa polisi waliokuwa wanarekodi maneno yao ya siri na anwani zao za kupelekewa mzigo. Mwezi mmoja baadaye ndipo wakafunga. Wenye soko walikuwa wamefichwa vizuri sana, kiasi kwamba wateja hawakugundua wenye soko wamebadilika.

Kutapeliwa humo ni jambo la kila siku. Waendeshaji wa soko la Evolution walitoweka Machi 2015 na pesa za wateja zilizokuwa zinashikiliwa kama dhamana, na hakuna kituo cha polisi ambako mteja angekwenda kulia.

Utapeli mwingine unapita hapa kwetu na haujawahi hata kukanyaga Tor. Mama mmoja muuza vitenge alinijia akitetemeka: ameandikiwa kwamba “watu wa dark web” wana picha zake, atume dola 50 kwa pesa ya simu kabla ya jioni. Nilimuuliza swali moja tu: aliyejificha nyuma ya vituo sita na funguo zote hizi, anataka umtumie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu? Mama akatulia, akaitazama tena ile namba. Baadaye alikumbuka amewahi kuiona.

Kile kisichofichwa

Mambo machache kwa wa Bukavu na Goma hasa, kwa sababu maelezo mengi yanaandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki na intaneti yao haizimwi.

Tor inaruka ukuta, haijengi barabara. Serikali ikifungia Facebook au X, Tor inakuvusha, na vituo vya Tor vyenyewe vikifungiwa yapo madaraja ya siri ya kuingilia. Lakini intaneti ikizimwa yote, hakuna pikipiki ya kwanza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 tulikaa siku 20 hivi bila intaneti, hadi karibu na tarehe 20 Januari 2019. Maganda hayakumsaidia mtu. Kilichosaidia ni kushuka karibu na mpaka wa Ruzizi, kunyoosha mkono, na kuvizia netiweki ya upande wa pili, wa Rwanda.

Kampuni ya mega haioni unasoma nini kwenye Tor, lakini inaona kwamba uko kwenye Tor. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma kitisho cha bomu kupitia Tor ili mtihani uahirishwe. Tor haikumtaja. Chuo kiliangalia tu ni nani waliokuwa wanatumia Tor kwenye wifi yake saa zile. Walikuwa wachache, wakahojiwa, naye akakiri. Ni kofia nyekundu ileile: kwenye mtaa ambao kofia iko moja, haifichi. Hapa kwetu kofia hizo bado ni chache sana.

Na simu yenyewe ni gunia lililo wazi. Tangu mji huu ulipobadilisha mikono Februari 2025, sihitaji kumweleza mtu wa Bukavu maana ya kuambiwa “fungua simu” kwenye kizuizi. Mtu akishika simu iliyofunguliwa, anasoma kama wewe unavyosoma. Maganda yalikuwa njiani, na njia imekwisha. Ukiingia kwenye tovuti iliyofichwa kisha ukaandika jina lako, nalo limeandikwa. Faili la picha lenye mahali ilipopigwa linabaki nalo. Zile nyimbo za Walungu, kabla ya kuziweka mezani, nilikesha nikikata kila mahali ambapo mama mmoja anamwita mwenzake kwa jina.

Umeme ulirudi saa tatu kasoro. Sikuwa nimeiambia programu ihifadhi anwani, kwa hiyo ikakoroga funguo mpya na kunitolea herufi nyingine 56. Nikampigia tena rafiki yangu. Alinung’unika, akachukua kalamu. Safari hii faili lilifika lote. Aliniwekea simu kwenye spika nisikie mwanzo wa wimbo wa kwanza, vigelegele kabla ya maneno. Nikafunga programu, na anwani ya pili nayo ikafa.

Ya kwanza bado iko kwenye daftari langu, chini ya hesabu ya deni la chaja. Kijana wa jirani alinakili kwenye simu yake, na siku mbili baadaye akaja kuniambia ameijaribu kwenye Tor usiku kucha na haifunguki. Aliniangalia kama nimemficha kitu.

“Inaishia na d?” nikamuuliza.

“Inaishia na d, yaya.”

“Basi umeiandika sawa.”